TB, kitanda na sindano: hivi kweli ilikuwa lazima kulazwa?

Nimepotea kidogo, asaimenti zilinibana na boom nalo lilichelewa kama kawaida yake, ila mzima kabisa. Leo nataka tuongee historia, na msikimbie, maana sio ile ya kukariri tarehe za Majimaji. Ni historia ya kitanda cha hospitali.

Iko hivi. Hapa Mkwawa tumepewa kazi ya kuandika juu ya historia ya afya katika sehemu unayoijua. Wenzangu wengi wamekimbilia UKIMWI, na siwalaumu, Iringa hii kila familia ina la kusimulia. Mimi natokea Mbeya, na kwetu mtu mzima akikwambia "fulani alilazwa miezi miwili" huna haja ya kuuliza anaumwa nini. Ni TB. Miaka ya themanini na tisini ilikuwa ndio hivyo: unapimwa makohozi, vijidudu vikionekana kwenye darubini unaambiwa kachukue shuka, sahani na sufuria urudi. Unalala siku 60. Hata kama umekuja kwa baiskeli yako mwenyewe na jana yake ulikuwa shambani.

Sasa mimi nikajiuliza, nani alisema 60? Kwa nini isiwe 14, au 100? Na huyo mtu aliyekuja kwa baiskeli, ugonjwa wake ndio uliohitaji kitanda au kuna kitu kingine kilichokihitaji?

Swali hili lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Marekani walipoanzisha bima ya afya ya wazee, Medicare, mwaka 1965, sheria iliitaka kila hospitali iwe na kamati ya kupitia wagonjwa waliolazwa na kuona kama kweli wanastahili kuwepo. Serikali ndiyo iliyokuwa inalipa, kwa hiyo si vigumu kuelewa kwa nini ghafla kila mtu alipenda kujua. Shida ni kwamba kila daktari alikuwa na jibu lake. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Boston, Gertman na Restuccia, wakatoa orodha ya vigezo vya kusaidia kuamua. Mimi ilinifungua macho kwa kitu kimoja: orodha ile haiulizi mgonjwa ana ugonjwa gani. Inauliza leo, siku hii, amefanyiwa nini ambacho hakiwezi kufanyika akiwa nje. Amefanyiwa upasuaji? Yuko kwenye dripu? Anapumua kwa msaada? Fahamu zimepotea ghafla? Kukiwa na hata kimoja, siku hiyo ya kitanda ina haki yake. Kisipokuwepo hata kimoja, kuna mtu anatakiwa ajieleze.

Na sindano ya msuli nayo imo kwenye orodha, ila iwe angalau mara mbili kwa siku. Mgonjwa wetu wa TB alikuwa anachomwa streptomaisini mara moja kwa siku. Kwa kipimo cha Boston, yule bwana wa baiskeli anafeli tangu siku ya kwanza!

Lakini tusishangilie mapema. Kipimo cha Boston kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeishi Boston. Kichukue ukipeleke Ileje au milimani Makete msimu wa masika, barabara imekatika, zahanati iko saa nne kwa miguu, uone kama mtu atakwenda kuchomwa sindano kila siku kwa siku 60 akitokea nyumbani. Hapo ndipo utamu wa hii mada unapoanzia.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya dawa, kitanda ndicho kilikuwa dawa. Mjerumani mmoja, Hermann Brehmer, alianzisha sanatoria kwenye milima huko Görbersdorf katikati ya miaka ya 1800, akiamini kwamba hewa ya milimani, chakula kizuri na mapumziko vinaponya kifua kikuu. Mwaka 1882 Robert Koch akatangaza kwamba TB inaletwa na bakteria, lakini sanatoria hazikufungwa, zikaongezeka, maana sasa zilipata sababu ya pili: kumtenga mgonjwa asiambukize wengine. Huku kwetu Waingereza walifungua ya kwao Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 1926. Tena milimani. (Kama baridi ingekuwa inatibu TB, sisi wa Mbeya na Mafinga tungekuwa hatuijui kabisa.)

Na TB haikuwa peke yake. Rungwe kulikuwa na kambi ya wakoma ya Makete, karibu na Tukuyu, msije mkaichanganya na Makete ya Njombe. Wenye ukoma walikaa kambini miaka na miaka. Dawa ya dapsoni ilipoanza kutumika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa kidonge, mtu angeweza kuimeza akiwa kwake. Kambi ziliendelea kuwepo miaka mingi baada ya hapo. Sababu ya kwanza ya kitanda ilikwisha, kitanda kikabaki. Shikeni hilo, maana litajirudia.

Kwa upande wa TB, streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, isoniazidi ikaja 1952. Sasa mgonjwa alikuwa anapona kwa dawa. Je, bado alale? Wahindi ndio walioliuliza swali hili kwa ujasiri, kwa sababu hawakuwa na namna: wagonjwa wengi mno, vitanda vichache mno. Mwaka 1956 kituo cha utafiti kilianzishwa Madras (leo ni Chennai) kwa kushirikiana na Waingereza na Shirika la Afya Duniani, kikiongozwa na daktari Wallace Fox. Walichukua wagonjwa chini ya 200, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu walipelekwa sanatoria, nusu walitibiwa nyumbani kwao, dawa zilezile kwa mwaka mmoja.

Waliotibiwa nyumbani walikuwa maskini, wanabanana kwenye vyumba vidogo, wanakula vibaya kuliko wale wa sanatoria, na wengi walikuwa wanafanya kazi huku wakiumwa. Kila kitu ambacho Brehmer alisema ni muhimu, wao hawakuwa nacho. Majibu yalitoka 1959: baada ya mwaka, asilimia 92 ya wa sanatoria ugonjwa ulikuwa umetulia, na kwa wa nyumbani asilimia 86. Walipofuatiliwa miaka iliyofuata, tofauti ikazidi kupungua. Na lile la kuambukiza? Watu waliokuwa wanaishi na wagonjwa wa nyumbani hawakuugua zaidi ya ndugu wa wale waliokuwa sanatoria. Maana mgonjwa anaambukiza zaidi kabla hajaanza dawa, wakati hata hajui anaumwa nini. Ukimlaza baada ya kumgundua, umefunga zizi mbuzi ameshatoka.

Basi bwana, mimi nilipofika hapo nilidhani hadithi imeisha. 1959! Sasa kwa nini huku Mbeya na Iringa miaka zaidi ya 20 baadaye watu wanaambiwa walete shuka?

Hapo anaingia mtu anaitwa Karel Styblo. Mcheki, alifungwa na Wanazi kwenye kambi ya Mauthausen wakati wa vita, na TB aliipata kwenye maisha hayo hayo ya kambi. Alipona, akasomea udaktari, na maisha yake yote yaliyobaki akapambana na ugonjwa huo. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, yeye akiwa mshauri mkuu kupitia umoja wa kimataifa wa kupambana na TB. Nchi ilikuwa maskini, lakini baada ya Azimio la Arusha ilikuwa imejenga zahanati na vituo vya afya vijijini, na huo ndio uti wa mgongo aliopanga kuutumia. Kila wilaya ikawa na mratibu wa TB na ukoma, kila mgonjwa akaandikwa kwenye daftari, na kila baada ya miezi mitatu watu wakahesabiwa: waliopona, waliokufa, waliopotea. Leo tunaona kawaida, ila wakati ule ilikuwa kitu kipya duniani.

Kwanza walitumia dozi ya zamani ya miezi 12, na wengi waliiacha njiani. Kuanzia 1982 wakaanza dozi fupi ya miezi 8: miezi miwili ya mwanzo dawa nne, streptomaisini ya sindano pamoja na rifampisini na nyingine mbili za kumeza, halafu miezi sita ya vidonge vya kumeza nyumbani. Miezi ile miwili ya mwanzo ndiyo siku 60 zetu. Kumbe namba haikutoka kwenye kifua cha mgonjwa, ilitoka kwenye ratiba ya dawa.

Na sababu zilikuwa tatu, nimezikusanya nikizisoma huku na kule. Sindano ni ya kila siku na watu wanakaa mbali, hiyo tumeshaiona. Pili, rifampisini ilikuwa ghali sana. Tatu, na hii ndiyo nzito, rifampisini ilikuwa silaha ya mwisho, ikizoeleka kwa bakteria hakuna nyingine. Kwa hiyo walitaka kila kidonge cha rifampisini kimezwe mbele ya macho ya nesi, wala kisitoke nje ya hospitali. Kitanda kikawa sehemu ya kumwangalia mtu. Kwa lugha nyepesi, hawakumwamini mgonjwa. Si kwa ubaya, wala sisemi kwa kulaumu, ila ndivyo ilivyokuwa.

Na ilifanya kazi, lazima tuseme ukweli. Karibu asilimia 80 ya wagonjwa wapya waliotibiwa kwa dozi hiyo walipona, katika nchi maskini kabisa. Dunia ilikuja kuangalia. Benki ya Dunia mwaka 1993 ikaitaja tiba ya TB kuwa miongoni mwa njia za bei nafuu kabisa za kuokoa maisha ya mtu, na Shirika la Afya Duniani likauchukua mfumo wa Tanzania likautangaza dunia nzima katikati ya miaka ya 90. Wengi wetu tunajua Tanzania inaiga vitu vya nje. Hiki walituiga wao.

Ila katika hesabu zile zile kulikuwa na kitu. Styblo na wenzake, akiwemo Mtanzania Chum aliyekuwa anaongoza mpango wa taifa, walichapisha mwaka 1991 hesabu za gharama za Tanzania, Malawi na Msumbiji. Kulaza kulipandisha gharama ya kumponya mtu kwa kiasi kikubwa, na kama ungeweza kumponya bila kumlaza, hela ile ile ingetibu watu wengi zaidi. Na hapo wamehesabu gharama za serikali. Za mgonjwa mwenyewe nani alihesabu?

Nina mjomba wangu Rujewa, Mbarali, mkulima wa mpunga. Alilazwa 1996, kuanzia Januari mpaka Machi. Wanaojua Usangu wameshaelewa: huo ndio wakati wa kupandikiza. Hospitali siitaji. Nilipoanza kazi hii nilimpigia simu.

"Mjomba, ulikuwa hoi kiasi gani?"

"Mjomba, wiki mbili za kwanza nilikuwa maiti. Kutoka kitandani mpaka chooni nashikiwa. Hizo sidai. Baada ya hapo nilikuwa nacheza bao."

Anasema wodini walikuwa wanaume kama ishirini, asubuhi wanapanga foleni ya sindano, wanameza vidonge nesi anaangalia, kufika saa tatu kazi ya siku imekwisha. Wanabaki kuota jua. Dawa zilikuwa bure, lakini chakula ulijitegemea, kwa hiyo shangazi (mkewe, sisi tunamwita hivyo) ilibidi aache watoto Rujewa, akalale kwenye banda la wauguzaji apike uji na ugali. Shamba likapandwa robo, na hiyo robo na mtu wa kukodi. Waliuza baiskeli, waliuza ng'ombe mmoja. Mwaka ule walinunua mchele dukani, mkulima wa Usangu ananunua mchele!

Mimi nikaona nimeshapata ushahidi wangu, nikamwambia kwa hiyo walikuonea. Akakataa. Akasema, "Subiri. Tulikuwa na wenzetu walitoroka. Mmoja alirukia dirishani usiku, wa Chimala huyo. Mwingine aliaga anakwenda msibani. Yule wa Chimala tulisikia kafa kabla ya Pasaka. Mimi niko hai naongea na wewe kwa simu." Nikamuuliza, je, kama wangekuwa wanakuletea vidonge nyumbani? Akakaa kimya, akasema, "Kwani walikuwa wanaleta?"

Hilo jibu limenisumbua wiki nzima. Ni rahisi kukaa hapa maktaba ukasema kulazwa hakukuwa na ulazima wa kitabibu. Ulazima unategemea na kitu kingine kilichopo. Kama nje ya hospitali hakuna kitu, kitanda kinakuwa lazima hata kwa mtu mzima wa afya. Ila basi tuseme wazi kwamba ni lazima kwa sababu ya barabara na bei ya rifampisini, tusiuite ulazima wa ugonjwa. Kwa sababu ukishaandika kwenye kadi kwamba ugonjwa ndio unataka kitanda, hakuna atakayehangaika kujenga hicho kitu cha nje.

Kilichobadilisha mambo, kwa bahati mbaya, ni UKIMWI. Mwaka 1983 Tanzania ilikuwa inaandikisha wagonjwa wa TB kama 12,000. Kufikia miaka ya 2000 walikuwa zaidi ya 60,000 kwa mwaka. Na nyanda zetu hizi zilibeba mzigo mkubwa: utafiti wa 2007/08 ulikuta maambukizi ya VVU mkoa wa Iringa (Njombe ikiwa bado ndani yake) asilimia 15.7, juu kuliko mkoa wowote, na Mbeya asilimia 9.2. Fikirieni hesabu ya vitanda. Wagonjwa mara tano, kila mmoja siku 60. Haiwezekani. Hakuna kamati iliyokaa ikaamua watu wasilale. Vitanda vilikwisha tu.

Halafu wodi zenyewe zikawa hatari. Ukimweka mtu mwenye VVU, kinga imeshuka, kwenye chumba kimoja na watu wanaokohoa TB, unategemea nini? Mfano wa kutisha ulitoka Tugela Ferry, Afrika Kusini, taarifa ikachapishwa 2006: wagonjwa 53 wa TB sugu kupita kiasi, 52 wakafa, wengi ndani ya wiki chache tu. Wengi wao walikuwa wamewahi kulazwa siku za karibuni, na watafiti waliona dalili kwamba ugonjwa ulikuwa unasambaa hospitalini humo humo. Kitanda kilichowekwa ili kuzuia kuambukizana ndicho kinachoambukiza.

Na UKIMWI huo huo ulibadilisha na dawa. Thiasetazoni, kidonge cha bei poa cha ile miezi sita ya nyumbani, kilianza kuwababua ngozi wenye VVU, wengine mpaka kufa. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa 1991 ulilionyesha hilo. Streptomaisini nayo ilikuwa inaharibu masikio, na sindano katika zama za VVU kila mtu aliiogopa. Polepole ikaondolewa kwa wagonjwa wapya, ikaingia ethambutoli ya kumeza, na baadaye vidonge vinne vikashindiliwa kuwa kimoja. Kwa hiyo sindano haipo, na huwezi kumeza rifampisini peke yake ukaacha nyingine kwa sababu zimo pamoja. Rifampisini yenyewe bei ilishuka. Sababu zote tatu za Styblo zikawa zimepoteza nguvu.

Zilibaki imani na umbali. Huku chini ya Udzungwa, wilaya ya Kilombero, watafiti walilinganisha wagonjwa waliosimamiwa na watu wa kijijini kwao na wale waliosimamiwa na kituo cha afya, majibu yakachapishwa 2003: yalikaribiana. Mwaka uliofuata majibu ya Temeke, Dar es Salaam, yakatoka, na yenyewe hivyo hivyo. Mwaka 2006 wizara ikaanza majaribio ya mfumo unaomwacha mgonjwa achague: umezee kituoni kila siku, au nyumbani mbele ya msimamizi unayemchagua mwenyewe, mke, jirani, mtu aliyewahi kuugua TB. Wengi sana walichagua nyumbani (mnashangaa?). Na walipona vizuri tu. Ukaenezwa nchi nzima.

Kwa hiyo tangu Madras mpaka mjomba wangu angeweza kutibiwa Rujewa ni kama miaka 47. Mimi naona ni mingi mno, ila mwenzangu mmoja wa chumbani, anayesoma jiografia, ananipinga, anasema bila kile kidonge kimoja cha nne-kwa-moja na bila zahanati kila kata, Madras ingebaki Madras. Tumebishana mpaka umeme ukakatika.

Nikamjibu na mfano wa TB sugu, maana hapo historia ilijirudia wazi kabisa, na safari hii hakuna anayeweza kusema walikuwa hawajui. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kutibu TB sugu rasmi, na mahali palikuwa pamoja tu: Kibong'oto, ile ile ya 1926. Tiba ilikuwa na sindano ya kila siku kwa miezi 6 au zaidi, na mgonjwa alitakiwa alazwe kipindi hicho. Mtu wa Kyela au Mbozi anagundulika, anaambiwa safari ni Kilimanjaro, zaidi ya kilomita 1,000. Miezi sita mbali na kwako, ndugu hawawezi kuja kukuona, na sindano zile nazo zinaua masikio. Kuna watu ambao kati ya kugundulika na kufika kitandani walikaa miezi wakisubiri nafasi, huku wanakohoa nyumbani. Yaani ulazima wa kulazwa ukawa ndio unaochelewesha tiba. Ni katikati ya miaka ya 2010 ndipo huduma ilipoanza kushushwa mikoani, Mbeya ikiwemo, mgonjwa aanze dawa karibu na kwake. Halafu Shirika la Afya Duniani likaanza kupendekeza dozi zisizo na sindano kabisa, na mwisho wa 2022 likatoa ya vidonge vitupu ya miezi 6. Sindano ikaondoka, na safari hii kitanda hakikuchukua miaka 47 kuifuata.

Wapo wanaohitaji kitanda bado, msinielewe vibaya. Anayetapika damu, anayepumua kwa shida, TB iliyopanda kwenye ubongo, mwenye VVU aliyekonda mpaka hawezi kukaa, mtoto mwenye utapiamlo. Wale "wiki mbili za maiti" za mjomba. Kwa hao orodha ya Boston haina ubishi, kila kigezo kimejaa. Jambo linaloniudhi ni kwamba enzi zile nao walikuwa wanalala wawili kitanda kimoja au chini, kwa sababu vitanda vimejaa wacheza bao.

Na nyumbani nako msidhani ni bure. Mwaka 2019 ulifanyika utafiti wa taifa wa gharama wanazobeba wagonjwa wa TB Tanzania, ukakuta kama asilimia 45 ya kaya zenye mgonjwa zilitumia au kupoteza zaidi ya moja ya tano ya kipato cha mwaka, na wenye TB sugu hali ilikuwa mbaya zaidi. Hapo dawa ni bure na wengi hawalali hospitali. Nauli, chakula, siku za kazi zilizopotea. Nimempigia mjomba kumsomea hiyo namba, akacheka, akaniuliza ng'ombe wamemweka kwenye fungu gani.

Kazi inakusanywa mwisho wa mwezi na bado nina pengo kubwa upande wa Iringa, hasa watu wa mashamba ya chai Mufindi na wa Kilolo. Kama una mzee aliyelala wodi ya TB kati ya 1982 na 2005, au nesi mstaafu aliyekuwa anachoma zile sindano, naomba mniunganishe. Swali langu ni moja tu: siku ya ngapi ulijisikia unaweza kwenda nyumbani, na siku ya ngapi walikuruhusu?